Kimbugu cha ndani: siku saba kutoka Ugweno hadi Mtae

Kabla ya kupanda

Njia hii ni ya mtafiti anayekwenda kurekodi lugha mbili ndogo, Kigweno cha milima ya Upare na Kimbugu cha Wambugu wa Usambara, na kupima uhai wake. Inapita mikoa miwili, kwa hiyo barua ni za seti mbili. Ugweno uko Wilaya ya Mwanga, Mkoa wa Kilimanjaro. Lushoto iko Mkoa wa Tanga. Barua ya utambulisho kutoka chuoni huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hushuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, Mtendaji wa Kata, na mwisho Mtendaji wa Kijiji. Mtafiti kutoka nje ya nchi huongeza kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Anayeruka ngazi moja hurudishwa, na aghalabu hurudishwa akiwa ameshapanda mlima. Chukua nakala kumi za kila barua, maana kila ofisi hubaki na yake na huko juu si rahisi kupata mashine ya kutoa nyingine.

Vifaa havihitaji begi kubwa. Kinasa sauti kinachorekodi kwa WAV (sauti isiyobanwa), maikrofoni mbili za kubana kwenye kola, kinga za manyoya za kuzuia upepo, visikilizio vya kufunika masikio, kadi nne za GB 32, betri za akiba na pawabenki. Kwa kHz 48 na biti 24, njia mbili za sauti, saa moja hula kama GB 1, hivyo kadi moja inatosha saa thelathini. Wengi huuliza kwa nini simu isitoshe. Jibu liko Magamba, siku ya nne: huko kuna sauti inayoishi juu kabisa kwenye masafa, na sauti iliyobanwa na kutumwa kwa WhatsApp huifanya ifanane na "s" au "sh" ya kawaida. Ukifika nyumbani na faili kama hiyo, huna tena cha kubishania.

Karatasi zinazohitajika ni orodha ya maneno ya msingi ya Swadesh (yale 100 yanatosha kuanzia), lakini ichapwe upya ikiwa na safu nne: Kiswahili, Kimbugu cha kawaida, Kimbugu cha ndani, na Chasu. Maana ya safu hizo itaonekana njiani.

Siku ya 1: Mwanga hadi Ugweno

Barabara inapanda kutoka Mwanga mjini hadi Kikweni, na joto la tambarare linabaki chini. Anga likiwa safi, kaskazini unauona Kilimanjaro na upande wa mashariki Ziwa Jipe. Mlima Kindoroko, mita 2,113, uko kusini.

Tunaanzia hapa, wala si Usambara moja kwa moja, kwa sababu Ugweno unaonyesha kifo cha lugha cha kawaida, kile ambacho kila mtu amekizoea: lugha moja inasukumwa na jirani mkubwa, polepole, hadi inabaki kwa wazee. Ukishakijua kifo cha namna hiyo utaona kwa nini kipimo chake hakifanyi kazi kwa Wambugu.

Kigweno ni Kibantu, lakini hakitokani na upande mmoja na Chasu, lugha ya Wapare walio wengi. Ndugu zake wako ng'ambo ya tambarare, Kilimanjaro: Kichaga. Kwa alama ambazo wanaisimu hupanga makundi ya lugha za Kibantu, Kigweno ni E65, jirani na Kichaga E62, na Chasu ni G22. Kwa karne nyingi Kigweno kimekaa mlima mmoja na Chasu, kikachota maneno kutoka kwake, na watu wake wakahesabiwa kuwa Wapare. Jürgen Winter aliandika mwaka 1992 kuhusu miaka 175 ya Wagweno kuhama lugha. Gérard Philippson na Derek Nurse walikieleza kwa upana mwaka 2000. Miaka 175 si kosa la chapa. Lugha huchukua muda mrefu kufa, na ndiyo sababu wenyewe hawashtuki.

Swali linaloharibu kazi hapa ni hili: "Unazungumza Kipare?" Mgweno atajibu ndiyo, na hajasema uongo. Kwa jina la utawala yeye ni Mpare. Uliza lugha kwa jina lake, kisha uliza tena kwa mtu: Na mama yako alikuwa anakusemesha nini jikoni? Na wewe mwanao unamwitaje aje kula? Maswali mawili ya jikoni hushinda fomu ya kurasa kumi. Wala usitegemee takwimu za serikali, maana sensa ya mwaka 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuuliza kabila. Baada ya hapo, idadi ya wasemaji wa lugha ndogo Tanzania ni makadirio ya watafiti, kila mmoja na njia yake.

Kuna eneo moja la msamiati la kuchimbwa haraka Ugweno: chuma. Historia iliyoandikwa na Isaria Kimambo inawataja Washana, ukoo wa wahunzi, kuwa watawala wa zamani kabla ya Wasuya chini ya Angovi kuwapindua, na Mranga, mwana wa Angovi, kuupanga upya utawala. Chuma cha Ugweno kilivuka tambarare hadi kwa Wachaga. Sehemu za tanuri, hatua za kufua, majina ya majembe na mikuki, yote yalikuwa na maneno yake. Neno la chombo halimzidi umri yule wa mwisho aliyekishika mkononi. Kwa hiyo usisome orodha. Omba uonyeshwe kitu, hata kama ni kipande cha mvukuto kilichobaki darini, na rekodi mtu akikishika.

Siku ya 2: Usangi, kushuka, Same

Siku ya kupita tu, ila kwa jambo moja. Ukitoka Ugweno na kuingia Usangi umeingia Chasu, na Chasu ndicho ufunguo wa Usambara. Rekodi orodha nzima ya maneno 100 kwa Chasu, na ikiwezekana upate mtu wa Upare ya kusini, ambako "s" ya kaskazini mara nyingi husikika "th". Saa mbili zinatosha. Usiache kazi hii kwa kudhani utaikuta kwenye kamusi. Unahitaji sauti ile ile, maikrofoni ile ile, maneno yale yale, ili Magamba ulinganishe kitu na kitu.

Masimulizi ya Wambugu yanasema walipita Upare kabla ya kupanda Usambara. Isimu inakubaliana nao kwa upande huo, kwa sababu lugha yao ya kila siku inafanana na Chasu kuliko inavyofanana na Kishambaa cha jirani zao wa leo.

Lala Same. Chaji kila kitu.

Siku ya 3: Mombo, Soni, Lushoto

Barabara kuu inapita Makanya, Hedaru na Mkomazi, mkonge kulia na kushoto, hadi Mombo. Hapo unaacha barabara kuu ya Dar es Salaam na kuanza kupanda. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, zinapita korongoni kando ya maporomoko ya Soni, na unapanda kama mita elfu moja. Masikio yanaziba. Kuanzia Machi hadi Mei mawe na udongo huweza kuifunga njia hii, kwa hiyo panga safari Juni hadi Septemba, na ubebe koti: usiku wa Julai huko juu si wa shati.

Alasiri ni ya ofisi za wilaya. Wakati unasubiri mhuri, ni vizuri kujua nini kimeshaandikwa, usije ukadhani umegundua.

Wambugu ni watu wa Usambara Magharibi, wachache kati ya Wasambaa, wanaojulikana tangu zamani kwa ng'ombe na malisho ya juu. Wenyewe hujiita Vama'a. Carl Meinhof aliandika kuhusu lugha yao mwaka 1906. Joseph Greenberg mwaka 1963 aliiweka kwenye Kikushi, ukoo wa lugha usio wa Kibantu, pamoja na Kiiraqw cha Mbulu. Morris Goodman mwaka 1971 aliona jambo halikai sawa: maneno ni ya Kikushi, sarufi ni ya Kibantu. Lugha ya namna hiyo haitakiwi kuwapo kwa mujibu wa vitabu vya wakati ule. Sarah Thomason alisema ni lugha ya Kikushi iliyokopa sarufi ya Kibantu kidogo kidogo hadi ikawa nayo yote. Maarten Mous, aliyekaa na Wambugu na kuandika kitabu kizima mwaka 2003, alisema mwendo ulikuwa wa kinyume: watu walishahamia Kibantu, kisha wakajenga msamiati wa pili ili wasimezwe.

Baada ya kuisikia lugha yenyewe, ni vigumu kutompa Mous haki yake. Sababu zinakuja kesho.

Siku ya 4: Magamba

Magamba iko kilomita chache juu ya Lushoto, mlangoni mwa hifadhi ya msitu. Ukungu asubuhi, viazi na kabichi kila kiunga. Kazi ya leo ndiyo kiini cha safari.

Wambugu wana lugha mbili, na wanazitaja kwa Kiswahili kilicho wazi: Kimbugu cha kawaida na Kimbugu cha ndani. Hiki cha ndani ndicho vitabu vinakiita Ma'a. Juu ya hizo mbili, mtu huyo huyo anazungumza Kishambaa sokoni na Kiswahili ofisini. Lugha nne kabla ya chakula cha mchana ni jambo la kawaida.

Tazama maneno machache. "Mzee" kwa cha kawaida ni mzima, kwa cha ndani mwagirú. "Mfalme" ni mfumwa kwa cha kawaida, neno ambalo Mpare hahitaji kutafsiriwa. Kwa cha ndani ni dilaó. "Kuwa na" ni -na huku, -ló kule. "Kuita" ni -tang- huku, -sé- kule. Hakuna hata mzizi mmoja wa kufanana. Mtu akisomewa orodha peke yake ataapa hizi ni lugha mbili zisizojuana.

Sasa tazama maneno hayo yakiunganishwa. Kusema "mfalme wa nchi hii ya Lushoto" kwa cha ndani unasema dilaó wa yá idí lá Lusótó. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mwalimu kuona hiyo "wa" na hiyo "la". Mfalme yuko ngeli ya watu, nchi iko ngeli ya "li-", na viambishi vinafuata kama Kibantu chochote. Mwagirú lina "mw-" ya mtu. Ukitoa maneno ya cha ndani na kupachika ya cha kawaida, sentensi haibomoki, kwa sababu mifupa ni ile ile na kinachobadilika ni nyama peke yake.

Ndiyo maana orodha ya maneno, chombo cha kwanza cha kila mtafiti, hapa inadanganya pande zote mbili. Ukirekodi maneno tu, utaandika kwamba Kikushi kiko hai Usambara. Ukirekodi sarufi tu, utaandika kwamba kimekufa zamani. Dawa ni kurekodi kwa jozi, hivi:

Kwanza, neno moja kwa Kiswahili. Omba cha kawaida, kisha cha ndani, kila moja mara tatu, na pumzi kati yake. Pili, weka neno hilo ndani ya sentensi fupi isiyobadilika, ya maana ya "ameona ... leo", kwa lugha zote mbili. Neno likisemwa peke yake hubeba toni ya kumalizia, na toni hiyo itakupotosha. Tatu, mwombe msemaji apige mluzi wa neno badala ya kulisema. Watu hucheka, lakini toni ya juu na ya chini inatoka safi kuliko kwa sikio la mgeni, na lugha hizi zote mbili zina toni. Nne, hadithi fupi ya dakika tatu, kwa cha ndani yote, kisha msemaji yule yule airudie kwa cha kawaida. Kwa saa mbili za kikao tarajia jozi arobaini na hadithi moja. Anayejitapa kupata mia mbili kwa siku amerekodi uchovu wa mzee.

Sauti tatu ni za cha ndani, na cha kawaida hakinazo. Ya kwanza ni mkato wa koo, ule ulio katikati ya jina Ma'a lenyewe. Ya pili ni "kh" ya kukwaruza, ambayo Mswahili wa pwani anaijua kwenye khamsa na Alkhamisi. Ya tatu ndiyo ngumu: weka ulimi kama unataka kusema "l", usitoe sauti ya koo, kisha sukuma hewa ipite pembeni mwa ulimi. Mous anaiandika "hl". Wairaqw wanayo pia, wao huiandika "sl", kama kwenye slee, ng'ombe. Hiyo ndiyo sauti inayouawa na simu. Maikrofoni ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isipigwe na hewa moja kwa moja.

Chumba: funga blanketi ukutani nyuma ya msemaji, zima redio, toa simu zote nje kwa sababu zikitafuta mtandao huacha mngurumo kwenye waya. Kuku hawana dawa. Bati likianza kunyeshewa acha kazi, kunywa chai, subiri.

Ridhaa hurekodiwa kwa sauti, si kwa saini tu. "Shikamoo babu. Tunaomba kurekodi cha ndani. Sauti hii itakaa chuoni na nakala itabaki hapa kijijini. Babu akisema ifutwe, hata baada ya mwaka, tutaifuta. Babu amekubali?" Subiri jibu lake mwenyewe, mjukuu asimjibie.

Na malipo. Lipa muda wa mtu kwa kiwango cha kibarua cha siku hapo kijijini, sawa kwa wote. Usilipe kwa neno. Ukilipa kwa neno, maneno yatazaliwa. Hapa kuna utani mzito zaidi kuliko unavyoonekana, kwa sababu cha ndani kweli kina maneno ya kuzaliwa: Mous alionyesha kwamba baadhi yametengenezwa kwa kukata mwisho wa neno la Kibantu na kulivisha mwisho mwingine, ili lisitambulike. Mengine yametoka Kikushi cha kusini, mengine Kikushi cha mashariki, mengine Kimaasai. Kwa hiyo neno jipya ukilipata usilitupe ukiliita la bandia. Liandike, weka jina la siri la msemaji na tarehe, kisha liulize kwa watu wawili wengine wasiokuwepo. Likitambulika ni la jamii. Lisipotambulika ni la mtu, na hilo nalo ni taarifa.

Kosa kubwa kuliko yote ni mkalimani. Ukimchukua kijana Msambaa kwa sababu anajua njia, kila kikao kitateleza kuingia Kishambaa, kwa adabu tu, maana Mbugu anamjibu mgeni kwa lugha ya mgeni. Kosa la pili ni mkutano. Mwenyekiti akikuitia watu ishirini chini ya mti, utapata wazee wawili wanasahihishana na kumi na wanane wananyamaza. Shukuru, piga picha kama umeruhusiwa, kisha omba kwenda nyumba kwa nyumba.

Siku ya 5: jikoni na zizini

Swali la leo: cha ndani kiko katika hali gani?

UNESCO ilitoa mwaka 2003 vigezo tisa vya kupima uhai wa lugha. Cha kwanza, na kinachotumika zaidi, ni kama wazazi wanaipitisha kwa watoto, kwa alama 5 hadi 0: tano ni salama, moja ni wazee wachache waliobaki, sifuri ni kimya. Kwa Ugweno fomu hiyo inajazwa bila shida. Magamba inakwama mstari wa kwanza, kwa sababu inauliza mtoto anajifunza lugha gani nyumbani, nayo inadhani lugha huja na sarufi yake. Mtoto wa Kimbugu anapata sarufi nzima kupitia cha kawaida, bila bidii. Kilicho hatarini ni ile hatua ya kubadili maneno, na hatua hiyo ni hiari. Mtu huchagua kusema mwagirú pale ambapo mzima ingetosha. Anayechagua hivyo hupoteza muda kidogo na kupata kitu kikubwa: kusema mimi si Msambaa, mimi si Mpare.

Kwa hiyo jaza fomu mara mbili, moja kwa cha kawaida na moja kwa cha ndani, na usiwahi kutoa wastani. Cha ndani kinaweza kufa kesho na hakuna atakayeacha kuongea, kwa sababu cha kawaida kitabaki kinywani. Na kinyume chake pia: maadamu msamiati unakumbukwa, kinaweza kuamka haraka kuliko lugha yoyote, kwani hakuna sarufi ya kujifunza. Lugha nyingine ikifa namna hiyo haina njia hiyo ya kurudi.

Kupima, kaa jikoni. Chora jedwali: safu za kushuka ni anayesema (bibi, mama, kijana, mtoto), za kulala ni anayesemeshwa. Kwa nusu saa weka alama kila neno la cha ndani likipita. Fanya hivyo sehemu tatu: jikoni, bombani, zizini. Usirekodi kwa siri. Daftari linaonekana na linatosha. Andika pia mama wa kaya ametoka wapi. Mama akiwa Msambaa, lugha ya jikoni ina mlango mwingine.

Kwa watoto, makundi matatu ya umri: miaka 5 hadi 7, 10 hadi 12, 15 hadi 18, wawili wawili, kwa ridhaa ya mzazi, mwalimu asiwepo. Vitu thelathini. Hatua ya kwanza mtoto anyooshe kidole akisikia neno la cha ndani. Ya pili alitaje mwenyewe. Ya tatu aliweke kwenye sentensi. Tofauti kati ya hatua ya kwanza na ya pili ndiyo habari yenyewe: anayeelewa bila kutaja ameisikia lugha ikipita juu ya kichwa chake, haijawahi kuelekezwa kwake. Usitumie picha za kadi. Kadi inanuka shule, na shule ya msingi ni Kiswahili, basi jibu litakuwa Kiswahili. Tumia kibuyu, kuni, jembe, kamba, moto.

Zizini ndiko kwenye hazina na ndiko kunakovuja. Watu wa ng'ombe wana maneno ya rangi, ya pembe, ya umri, ya ugonjwa, ya maziwa katika kila hali yake. Lakini msitu wa Magamba ni hifadhi, malisho humo hayaruhusiwi, na ng'ombe wawili waliofungiwa bandani hawahitaji msamiati wa kundi la hamsini. Kilichochukua nafasi yao ni mboga za soko la Dar es Salaam, na mboga hazikuleta neno hata moja la ndani: kabichi ni kabichi kwa lugha zote nne. Rekodi mzee akitembea kando ya ng'ombe halisi. Ukimkalisha kwenye kiti ukamsomea "ng'ombe mwenye baka jeupe tumboni" utapata maelezo marefu ya Kiswahili yaliyogeuzwa, wala si jina.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inawataka Watanzania wazitumie na kujivunia lugha zao za asili, na inahimiza kamusi na tafsiri. Maneno mazuri. Darasani hazimo. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapa mwaka 2009 atlasi ya lugha za nchi, na hiyo ni kazi kubwa, lakini ramani hupaka rangi moja mahali pamoja. Wambugu wanakaa kaya kwa kaya katikati ya Wasambaa. Hakuna rangi ya kuwaonyesha.

Siku ya 6: Lukozi, Rangwi, Mtae

Gari la asubuhi, kabla ya magunia ya viazi na karoti kujaza nafasi. Lukozi ni soko. Usipange kikao hapo. Rangwi kuna Wambugu, na kazi ni ile ile ya Magamba iliyofupishwa: jozi ishirini tu, zile zilizoleta mabishano, ili uone kama neno linavuka kijiji. Maneno yanayobishaniwa kati ya Magamba na Rangwi yanafaa kuliko yale ambayo wote wanakubali.

Kipande kisicho na lami kikinyeshewa kinakuwa sabuni. Ongeza siku moja ya akiba, na mfuko wa plastiki mzito kwa kinasa.

Mtae iko ukingoni kabisa mwa Usambara. Chini ni tambarare ya Mkomazi, na ng'ambo yake Upare. Anayesimama hapo saa kumi na moja jioni anaona kwa jicho moja njia ambayo masimulizi yanaitaja.

Siku ya 7: Lushoto, kufunga kazi

Usipande basi na nakala moja. Sheria ni nakala tatu, sehemu mbili: kadi zenyewe, diski ya kwanza kwenye begi lako, diski ya pili kwenye begi la mwenzako. Ukipata mtandao, pakia zile hadithi kwanza.

Jina la faili liwe na lugha, kijiji, tarehe, msemaji kwa namba: MHD_MAGAMBA_tarehe_05_NDANI. MHD ndiyo alama ya kimataifa ya Kimbugu, na hutumika kwa vyote viwili, kwa hiyo neno NDANI au KAWAIDA lisiachwe kamwe. Baada ya miezi mitatu hata wewe mwenyewe utasahau. Orodha inayounganisha namba na majina ya watu hukaa mbali na sauti, kwa karatasi.

Unukuzi fanya kwa programu ya ELAN, mistari minne: sauti kama ilivyo, mofimu (vipande vya neno vyenye maana), maana ya kila mofimu kwa Kiswahili, tafsiri. Weka mstari wa tano wa asili ya neno: Kikushi, Kibantu, Kimaasai, la kutengenezwa, haijulikani. Dakika moja ya mazungumzo hula nusu saa hadi saa nzima, kwa hiyo kama una saa sita za sauti, una miezi mbele yako. Anza na zile za wazee wenye umri mkubwa, maana maswali yatatokea na jibu liko kwao.

Nakala ya kijiji iwe MP3, si WAV, kwenye kadi ndogo inayoingia kwenye simu ya kawaida, na faili zipewe majina ya hadithi badala ya namba. Mpe Mtendaji moja, na kila msemaji ya kwake. Diski kubwa iliyofungiwa kabatini ofisini haisikilizwi na mtu. Kadi iliyo kwenye simu ya mjukuu hupigwa jikoni wakati maharage yanachemka, na bibi husahihisha kwa sauti.